Hendigadi na mifuko ya hendo: maswali mnayoniuliza kila baridi ikianza Kapchorwa

Mimi ni boda wa Kapchorwa, huku Mlima Elgon, Uganda, asubuhi niko stegi (kituo cha boda), mchana ukinikuta niko gereji na spana mkononi. Kila ikifika Julai na Agosti, ukungu ukishuka mpaka huoni mlango wa jirani, maswali ni yaleyale ya kukinga mikono kwenye hendo, yaani usukani, kwa hiyo nimeyaandika yote mara moja. Watu wa chini wanatujua kwa wakimbiaji Cheptegei na Kiprotich basi wanafikiri sisi hatusikii baridi. Tunasikia bana. Mwenye kukimbia anapata joto, mwenye kukaa juu ya pikipiki anapata upepo tu.

Hendigadi ni nini hasa, na mifuko ya hendo ni nini?

Hendigadi ni ngao ya plastiki ngumu inayokaa mbele ya mkono, mbele ya leva ya klachi na ya breki. Nyingine inashikwa upande wa ndani tu, huku nje iko wazi, mimi naiita ya wazi. Nyingine ina mkanda wa alminiamu au chuma unaotoka ndani unazunguka mbele ya leva mpaka unafungwa mwisho wa hendo, hiyo ni ya kufungwa. Mifuko ni ile kama soksi kubwa ya turubai, ngozi au rekzini (ngozi bandia), ndani ina sponji au manyoya, unaivalisha hendo na leva zake kisha mkono unaingia kwa nyuma. Ni vitu viwili tofauti, usije ukamwambia fundi nataka gadi akakushonea mfuko.

Mbona mikono inakufa ganzi hata nikivaa glavu?

Kwanza upepo. Hewa ikiwa digrii 10, ambayo huku saa kumi na mbili asubuhi si ajabu, ukienda spidi ya 60 ngozi inaisikia kama digrii 5 hivi. Upepo unabeba lile joto dogo ambalo ngozi imejitengenezea, na unalibeba kila sekunde. Glavu ya uzi haizuii upepo, unapita kama maji kwenye chujio. Ikilowa ndiyo mbaya zaidi, maana maji yakikauka yanaondoka na joto lako.

Pili, na hii watu hawaamini mpaka wajaribu, mikono inapoa kwa sababu kifua kimepoa. Mwili ukiona kifua kinapata baridi unabana mishipa ya vidole ili damu ya moto ibaki katikati kwenye moyo na mapafu, vidole unaviacha vijitegemee. Ndiyo maana wazee wa boda wanavaa koti kinyume, mgongo wa koti unakuwa mbele na zipu inakuwa nyuma, wageni wanacheka lakini ile ni akili. Kama huna koti zito weka boksi la karatasi au gazeti ndani ya shati. Nimeshaona mtu amenunua gadi nzuri kabisa halafu amevaa tisheti, anarudi kunilaumu mimi.

Tatu, glavu ya kubana. Ikibana, damu haipiti, afadhali kubwa kidogo.

Na usidharau ganzi. Ukiwa spidi ya 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde, vidole vikichelewa nusu sekunde kuvuta breki umeshapita mita 8 na ng'ombe bado yuko barabarani.

Nichukue ya wazi au ya kufungwa?

Inategemea unaogopa nini. Kama shida yako ni baridi na mvua tu, unabeba walimu na manesi kwenye lami kutoka mjini mpaka Sipi na kurudi, chukua ya wazi, ni nyepesi, inafungwa kwa dakika kumi na ukianguka inajikunja au inavunjika yenyewe bila kukushika mkono. Kama unaingia vijijini, njia za kahawa zenye matawi, unabeba gunia tatu za Irishi (viazi) kwenye matope na pikipiki inalala chini mara mbili kwa wiki, chukua ya kufungwa, maana ile ya wazi haiokoi leva. Pikipiki ikilala, kinachogusa chini kwanza ni mwisho wa hendo na ncha ya leva.

Leva yenyewe si bei kubwa, ni kama sahani mbili za chakula, shida ni mahali inapokuvunjikia. Mimi ya klachi ilinivunjikia kule ndani ya Bukwo jioni, mvua inakuja, nikarudi nikibadilisha gia bila klachi, kuanza ni kusukuma na kuruka juu kama mwizi. Mwezi huohuo nikafunga gadi ya kufungwa na sijawahi kubadilisha leva nyingine mpaka leo.

Itaingia kwenye pikipiki yangu?

Boxer, TVS HLX, Yamaha AG na DT, hizi zote hendo yake ni bomba la milimita 22, na gadi nyingi za dukani zimetengenezwa kwa 22. Pikipiki kubwa za kitalii zenye hendo nene ya milimita 28 katikati zinahitaji klempu (kibano cha kushika bomba) yake nyingine, usilazimishe.

Cha kuangalia zaidi ni nafasi. Kwenye Boxer kati ya boksi la swichi, shina la saidi mira (kioo cha pembeni) na kishikio cha leva hakuna nafasi kubwa ya kuweka klempu, inabidi usogeze vitu kidogo kidogo. Kuna gadi ambazo klempu yake haikai kwenye bomba, inabanwa chini ya nati ya saidi mira. Hizo ni rahisi sana kwa Boxer na TVS ila ukishang'oa saidi mira, kama vijana wengi mnavyofanya sijui kwa nini, hakuna pa kuifungia.

Wenye Yamaha sikilizeni hapa. Saidi mira ya kulia kwenye Yamaha inafunguka kinyume, uzi wake (ile mistari ya skrubu) ni wa kushoto. Ukivuta na spana kama kawaida utakuwa unakaza mpaka ukate. Nimeona kishikio cha breki kimepasuka kwa sababu ya fundi asiyejua hilo, na lawama ikaenda kwa gadi.

Naifunga mwenyewe vipi? Sina pesa ya fundi

Sawa. Unahitaji spana ya 10 na 12 au 13, alen ki ya 5 na ya 6, bisibisi na kisu kikali. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, hendo iwe imenyooka.

Kabla hujafungua kitu chochote kaa juu ya kiti, weka mikono ulivyozoea, nyoosha vidole juu ya leva. Leva ziko sawa na mkono wako? Kama zinaelekea juu sana zirekebishe sasa hivi, maana gadi ikishafungwa utaona uvivu kuzigusa tena.

Kwa ya kufungwa anza na mwisho wa hendo. Ng'oa kile kizibo au uzito ulioko pale, mwingine umeshikwa na skrubu, mwingine ni mpira tu. Upande wa klachi ni rahisi, unakata ncha ya gripu (mpira wa kushikia) kwa kisu tundu lionekane. Upande wa akseleta ndiyo penye kazi. Pale gripu imekaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka, na lile bomba mara nyingi limezibwa mwisho, kwa hiyo unakata mpira na ile plastiki pia, kata vizuri isibaki na meno. Ukishaweka kile kizibo cha gadi kinachopanuka ndani ya hendo, hakikisha kati ya bomba la akseleta na gadi kuna nafasi ya milimita 2 au 3. Nafasi hiyo usiidharau, rudia kuipima. Bila hiyo akseleta inakwama ikiwa wazi, na akseleta iliyokwama kwenye kona za kushuka Sipi sikuombei hata wewe uliyeniibia abiria.

Kile kizibo kinafanya kazi hivi: ukikaza bolti, kipande kimoja kinavutwa ndani ya kingine kinatanuka na kubana ukuta wa bomba. Kikizunguka bila kukaza, toa, kwangua kutu ndani ya bomba kwa msasa, jaribu tena. Usiweke grisi.

Halafu klempu ya ndani. Ifunge nusu tu, bolti zote zikae legelege kwanza kisha zungusha gadi mpaka mkanda uwe sawa na leva, ukiangalia kwa mbele leva imejificha nyuma yake. Sasa kaza, mwisho wa hendo kwanza, klempu baadaye. Hizi ni bolti ndogo, usivute kama unafungua gurudumu la lori, uzi wa alminiamu unachanika wewe ukiwa bado unacheka. Tone moja la gundi ya nati linasaidia kwa sababu injini ya silinda moja inatikisa kila kitu.

Ya wazi? Klempu moja kila upande, unakaza, umemaliza.

Nikishamaliza nicheki nini?

Usiondoke hapo kabla ya haya. Geuza hendo mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia. Gadi isiguse tangi wala plastiki ya taa, na waya za klachi, breki na akseleta zisivutike wala kukunjwa. Halafu washa injini iache ikilalama taratibu, geuza tena hendo pande zote mbili: sauti ikipanda wakati unageuza, waya wa akseleta umebanwa mahali, rudi ufungue. Fungua akseleta yote uachie, irudi yenyewe kwa kishindo, hendo ikiwa kushoto, katikati na kulia. Vuta breki na klachi mpaka mwisho, leva isiguse gadi kwenda wala kurudi. Angalia taa ya breki ya nyuma imezima ukiwa hujashika kitu.

Baada ya kilomita 50 kaza tena. Baadaye mimi nakaza kila Jumapili nikiosha pikipiki.

Naweza kutengeneza ya jerikani? Za dukani ni ghali

Unaweza, na nimetengeneza nyingi kuliko nilizouza za duka. Lakini tuongee vizuri hapa kwa sababu watu wanakata jerikani ya njano ya lita 20 kwa panga, wanatoboa na msumari wa moto, wanafunga na waya za tairi, wiki ya pili plastiki imelegea inapiga leva.

Ile plastiki ya jerikani ni nzuri kwa kuwa haivunjiki ovyo, inajikunja. Ubaya wake haikubali umbo. Watu wanaichovya kwenye maji ya moto wakitaka ipinde, haipindi, inalegea kidogo kisha inarudi ilivyokuwa, maana inahitaji moto wa zaidi ya digrii 120, na huku kwetu mlimani maji yanachemka kwenye 93 au 94 tu, hayafiki hata 100. Lazima uishike juu ya sigiri, mbali kidogo na makaa, ukiigeuza geuza kama unachoma muhindi, na ikianza kung'aa unaikunja juu ya chupa ya soda. Ukiikaribisha sana inashika moto, na inadondosha matone yanayowaka, nina kovu mguuni.

Mimi siku hizi napenda bomba la maji taka, lile la PVC la inchi 4. PVC inalegea kwenye digrii 80 hivi, kwa hiyo maji ya kuchemka ya hapahapa Kapchorwa yanatosha. Unakata kipande cha urefu wa sentimita 25, unakipasua kwa urefu, unakitumbukiza kwenye sufuria ya zamani (si ya mama watoto tafadhali) dakika chache, unakitoa na glavu nene, unakipinda juu ya leva yenyewe ukiwa umeifunga kitambaa, unamwagia maji baridi. Kimeshika. Usikichome kwa moto wa makaa lakini, PVC ikiungua moshi wake unakata koo.

Mkanda wa kuishikilia unakata kwenye flati ba (chuma bapa) ya upana wa milimita 25, unene 3, welda yeyote anakukunjia. Pembe zote zipigwe msasa ziwe mviringo. Kwa mwisho wa hendo, kama huna kizibo cha duka, chukua kipande cha hozi nene ya lori kinachoingia kwa shida kidogo ndani ya bomba, pitisha bolti ya M8 (ya milimita 8) katikati, washa (zile pete bapa za chuma) huku na huku, nati upande wa ndani. Ukikaza, washa zinabana mpira unavimba unashika bomba. Akili ni ileile ya kile cha duka.

Jua la huku juu linakula plastiki. Jerikani ikianza kuwa nyeupe na kuwa na nyufa ndogo, toa, haina kazi tena.

Fundi anasema achomelee chuma kwenye hendo, nikubali?

Hapana. Mwingine atakwambia atoboe tundu. Hapana pia. Bomba la hendo ukilichoma au kulitoboa umelipunguzia nguvu palepale linapobeba uzito wako, abiria na gunia, halikatiki leo, litakatika siku unakanyaga shimo. Tafuta fundi mwingine.

Mifuko ya hendo ina joto kuliko gadi, kwa nini unaipinga?

Siipingi, kwa joto hakuna kinachoishinda, mkono unaingia mtupu na ndani ni kama kitandani. Shida ni mbili na moja imenipata.

Nilishonewa jozi ya rekzini laini, nzuri sana, nikashuka nayo kwenda Mbale na abiria. Kutoka Kapchorwa kwenye mita 1,800 na kitu unashuka mpaka Muyembe ni mteremko na kona tupu, spidi inapanda yenyewe. Nikaona pikipiki inakuwa nzito, nikafikiri ni mafuta machafu. Abiria wangu, mzee mmoja mwalimu mstaafu, akanigonga bega akasema, kijana, mbona kuna harufu ya kuungua. Nikasimama. Habu ya mbele (katikati ya gurudumu penye breki) haishikiki kwa moto. Upepo ulikuwa unasukuma ile rekzini laini inalalia leva ya breki ya mbele, kidogo tu, ila kwa kilomita kumi na kitu. Banange, yule mzee akanihubiria mpaka Mbale, na nauli akapunguza.

Kwa hiyo kama unataka mifuko, iwe na ukuta mgumu mbele, weka kipande cha PVC au plastiki ndani kati ya kitambaa na leva. Au funga gadi ya kufungwa kwanza kisha mfuko juu yake, hapo umepata vyote, joto na leva salama.

Shida ya pili ni mkono kutoka. Ukianguka unataka mkono utoke bila kufikiri. Mdomo wa mfuko uwe mpana, usiweke lastiki ya kubana kifundo wala kamba. Jaribu ukiwa umesimama: toa mikono yote miwili kwa mkupuo mara kumi, ikikwama hata mara moja rudisha kwa mshonaji. Chini toboa tundu la maji, la sivyo mvua ikipiga unabeba mabakuli mawili.

Na kavera (mfuko wa plastiki)? Kufunga kavera kwenye hendo ni kwa dharura tu, ukiwa umekamatwa na mvua. Linapiga kelele, linazunguka na akseleta.

Na zile gripu za umeme zinazopasha moto?

Zinakula wati 30 hadi 50 kwa jozi, yaani ni kama kuongeza taa nyingine kubwa ya mbele. Chaji ya pikipiki ya 100 au 125 ni ndogo, ukikaa stegi injini inalalama taratibu na gripu zinawaka, betri inaisha. Kwa pikipiki kubwa sawa. Kwa Boxer nunua koti.

Nikiwa na gadi bado nivae glavu?

Ndiyo. Gadi inazuia upepo, tawi, jiwe la lori lililo mbele, saidi mira ya matatu. Ukishaachia hendo na kuteleza kwenye lami gadi imebaki na pikipiki na wewe umetanguliza viganja, kila mtu anatanguliza viganja. Hata glavu ya ngozi ya mafundi wa welda ni afadhali kuliko ngozi yako.

Haitanizuia kupenya kwenye magari?

Inaongeza sentimita chache kila upande. Wiki ya kwanza utagonga kitu, baadaye macho yanazoea. Mjini Mbale karibu na soko mimi nimeacha tu kupenya.

Upepo wa pembeni je?

Gadi kubwa sana kwenye pikipiki nyepesi inakuwa kama tanga, hendo inatikisika spidi ikizidi 70. Ikikufanyia hivyo punguza kimo cha plastiki kwa msumeno, gadi inahitaji kukinga vidole na nyuma ya kiganja tu, si mpaka kiwiko.

Nikishuka kwenye joto Mbale nifanye nini nayo?

Gadi iache. Mfuko utoe ukifika Muyembe, uukunje chini ya kamba za kiti, na usimwachie kijana wa kuosha pikipiki akuangalizie. Wangu wa pili uliondoka hivyo.